Nakala ya Jephté

Mwezi wa nne mzima watu wa Majengo, mtaa wetu hapa Goma, walisema Jephté ni mwizi. Mimi nilijua kwamba si yeye, kwa sababu kitu walichosema ameiba kilitoka mikononi mwangu.

Kitu chenyewe ni mchezo wa kompyuta. Kaka yangu Gentil aliutengeneza kwa miaka miwili katika chumba chetu cha mbele. Unaitwa Mteremko. Unaendesha chukudu, ile skuta ya mbao ya kusukuma kwa mguu, iliyojaa kabichi, kutoka Kibumba mpaka soko la Birere, na chukudu haina breki ila kiatu chako. Kuna mawe ya volkano, kuna matope, kuna mbuzi, kuna malori yanayopanda katikati ya barabara. Ukimwaga kabichi, mama mmoja anakungoja sokoni na kukutukana wewe na ukoo wako. Sauti ya yule mama ni ya shangazi yetu wa Bukavu. Gentil aliniomba mimi kwanza, nikakataa. Siwezi kutukana mtu, hata mtu wa kwenye kioo.

Mchezo ulitengenezwa kwa ajili ya Linux. Kompyuta nyingi za hapa kwetu zilikwisha kutumika Ulaya kabla hazijafika kwetu. Ukiziwekea Windows zinachoka, halafu virusi vinavyotembea na flashi vinazimaliza. Kwa hiyo mafundi wengi wanaweka Linux, na Jephté alikuwa fundi wa namna hiyo kuliko wote. Shida ni kwamba michezo mizuri ya kununua haiji upande ule. Watengenezaji wa mbali wanasema watu wa Linux ni wachache. Wengine wanaleta mchezo, lakini kinga waliyoiweka kuzuia wizi inakataa kufunguka kwenye Linux, na mtu aliyelipa anabaki kuangalia kioo cheusi. Gentil aliona hapo ndipo penye nafasi yake.

Jephté alikuwa rafiki yake tangu sekondari. Kwao ni Butembo. Alikuwa mrefu, na alikuwa na mazoea ya kuzungumza na mashine akiwa anazifungua: "Haya mama, unaumwa wapi?" Kila Jumapili alikula kwetu. Mimi nilimpenda, na sikumwambia mtu yeyote, yeye mwenyewe pia.

Mtaa wa Himbi kulikuwa na shirika lenye vituo vya vijana, kompyuta mia mbili na zote Linux. Mwenye kununua vifaa vya shirika alikuwa Madame Élodie. Aliuona Mteremko kwenye kompyuta ya Jephté, shangazi akamtukana, akacheka mpaka akatafuta kiti. Alisema ataununua kwa vituo vyote, kwa masharti mawili: awepo mtu wa kuja kuutengeneza kila ukikataa, na usiwe kitu ambacho vijana wanakipata bure barabarani. Hawezi kununua kitu ambacho kila mtu anacho.

Sharti la kwanza lilikuwa Jephté. Kwa la pili, Gentil aliweka kufuli. Kila nakala ilisoma nambari ya kadi ya mtandao ya kompyuta yake, na ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine inakataa kufunguka.

Nakumbuka walivyobishana, mimi nikichambua maharagi pembeni.

"Gentil, hapa Goma courant ya umeme inaunguzaka kadi kila mwezi," Jephté alisema. "Mutu analipa leo. Kesho anabadilisha kadi. Jeu yako inamwambia yeye ni mwizi."

"Atakuita, utaenda. Njo kazi yako ile."

"Na kama iko mbali, Lac Vert?"

"Utaenda Lac Vert."

"Kwa miguu?"

"Nitakununulia chukudu."

Walicheka wote wawili. Lakini Jephté hakuacha. Alisema kufuli ile inamkamata anayelipa, na mwizi ataitoa kwa siku moja. Gentil alisema watu wa Goma wanakula jasho la mtu kama karanga, bila kuangalia mkono, na yeye amechoka. Hapo Jephté alichota maharagi akaanza kunisaidia kuchambua.

Kabla ya kwenda Himbi, mchezo ulipaswa kujaribiwa. Gentil alitoa nakala tatu: moja yake, moja ya Jephté, moja yangu.

"Mie nitafanya nini nayo?" nilimuuliza.

"Wewe ulisimamaka la tano, Nshobole. Kama wewe unaweza kuufungua bila kuniuliza, inchi muzima itaweza."

Hakusema kwa ubaya. Niliacha shule darasa la tano baba alipokufa, nikauza samaki, na Gentil akaendelea kusoma. Siku ile nilifurahi kwamba kuacha kwangu kuna kazi.

Mimi nafanya kazi kwenye secrétariat ya Papa Célestin, hapa Majengo. Ni chumba cha mbao chenye mashine ya fotokopi, printa na kompyuta moja. Tunachapa barua, kadi za ubatizo, mialiko. Lakini zaidi tunatia nyimbo na filamu kwenye flashi za watu. Ni kazi inayonifaa kwa sababu nageuzia watu mgongo. Wananiambia wanachotaka, nakitafuta, nakibandika, narudisha flashi.

Na kila mtu anadai matabishi. Ukinunua nyanya, mama anaongeza moja juu. Ukinunua unga, anarudisha mkono kwenye gunia mara moja zaidi. Kwetu mtu akitia nyimbo hamsini, namwongezea nne, tano. Asiyetoa matabishi anapoteza wateja kabla ya mwezi kwisha. Hakuna anayeita hiyo wizi.

Jumatatu moja umeme ulirudi kwa nguvu na kuunguza kadi ya mtandao. Papa Célestin alinunua nyingine na kuifunga mwenyewe. Kesho yake nilifungua mchezo, maandishi mekundu yakatokea: kompyuta hii haina ruhusa. Nilizima, nikawasha. Haina ruhusa. Nilifikiri nimeharibu kitu. Miaka miwili ya Gentil, na mimi nimeiharibu kwa kidole. Niliona haya kumwambia, nikapitisha siku mbili nikisema, "Inafunguka, Gentil, iko sawa."

Siku ya tatu Jephté alipita kuomba karatasi. Alinitazama tu usoni akaweka begi chini.

"Nani amekufa?"

Nilimwonyesha kioo. Alisoma, akacheka kwa pua.

"Hukuharibu kitu, wee. Njo ile niliyomwambia. Mwenye kuheshimu sheria njo anafungiwa mulango."

Alichomeka flashi yake, akafuta nakala yangu, akaweka nyingine. Chukudu ikaanza kuteremka, laini kuliko mwanzo.

"Hii ni yangu," alisema. "Nimetoa kufuli. Usimwambie Gentil kwanza. Nataka nimuonyeshe mwezi muzima bila panne, bila kukataa, halafu nimushinde na mifano. Na usipatie mutu."

"Nani ataniomba?"

"Nshobole, wewe mutu akikuomba meno utatoa."

Mvua ilianza, akabaki mpaka ikaisha. Tulicheza zamu kwa zamu. Alinishinda mara zote, na kila aliponishinda aliomba radhi kwa kabichi.

Siku tisa baadaye alikuja Mama Bibiche, anayeuza vitenge Birere. Alikuwa anamwoza binti yake na alitaka nyimbo mia mbili za harusi. Nyuma yake walisimama watu sita. Nilitia nyimbo zote, nikaongeza kumi.

"Na matabishi yangu?"

"Nimeongeza kumi, mama."

"Kumi? Mie mama muzima natoka Birere, naacha vitenge na mutoto, juu ya nyimbo kumi?" Aligeukia foleni. "Muko munaona vile?"

Watu walicheka. Mama Bibiche aliinama juu ya bega langu, akaweka ukucha wake kwenye kioo.

"Ile chukudu njo nini?"

"Ni jeu, mama. Si ya kuuza."

"Nani amesema uniuzie? Niko nadai matabishi! Batoto watacheza siku ya harusi."

"Mupatie basi, twendelee!" mwanamume mmoja alisema nyuma.

"Nshobole, maliza na mama," Papa Célestin aliita kutoka kwenye fotokopi, bila kugeuka.

Ningeweza kusema: ni ya kaka yangu, ameifanyia kazi miaka miwili. Ni maneno machache. Lakini watu wote walikuwa wanangoja, na mimi watu wakinitazama maneno yananikauka. Niliibandika. Mstari wa kijani ulijaa polepole, dakika moja na nusu, na wakati wote ule ningeweza kuchomoa flashi nikasema umeme umekatika.

Nilijituliza. Nilifikiri kitu cha matabishi kinaliwa na kuisha, kama nyanya ile ya kuongezwa juu. Nilifikiri watoto watacheza harusini, basi.

Bwana harusi alikuwa na ndugu mwenye meza ya kutia nyimbo Birere. Wiki mbili baadaye Mteremko ulikuwa Katindo, ulikuwa Virunga, ulikuwa kwenye kompyuta ya kila kijana aliyekuwa na kompyuta. Niliposikia watoto barabarani wanaigiza matusi ya shangazi yangu, niliketi kwenye ngazi ya mtu nisiyemjua.

Gentil alijua Jumamosi. Jumapili baada ya misa Jephté alikuja kama kawaida. Nilikuwa nimepika fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Gentil hakugusa chakula. Aliweka kompyuta katikati ya sahani, akaendesha chukudu mpaka kona ya tatu, akasimamisha.

"Jephté, ona hapa."

"Naona lori."

"Soma plaque, numero ya lori."

Lori lilikuwa limeegeshwa chini ya miti. Nilikuwa nimelipita mara elfu bila kulitazama.

"Inaishia na zéro-deux," Jephté alisoma, sifuri na mbili.

"Yangu mimi inaishia na zéro-un. Ya Nshobole, zéro-trois. Sikuwaambia mule ndani kuna alama. Sikuambia hata mutu moja. Hii nimeitoa Birere, kwa kijana anaitia kwa kila flashi. Zéro-deux, yako wewe."

Jephté alitafuna taratibu, akameza.

"Na haina kufuli. Nani alitoa kufuli?"

"Mimi."

"Juu ya nini?"

"Nilitaka kukuonyesha inaendaka muzuri bila ile. Nilikuwa nitakuambia. Kosa yangu, nakubali."

"Ulimupatia nani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maji ya kunawa. Jephté alinitazama. Hakunitazama vibaya. Aliniachia nafasi, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwingine aketi. Na mimi nilitazama maji.

"Sikuuzia mutu," alisema.

"Sikuuliza kuuza. Ulimupatia nani?"

"Gentil, nimekuambia sikuuzia mutu."

"Basi ilitoka na miguu? Ilipanda chukudu, ikashuka yenyewe mpaka Birere?"

Hakuna aliyecheka.

"Madame Élodie ameniita jana," Gentil alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sasa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ameniuliza anunue nini kwangu, hewa? Miaka mbili, Jephté. Na wewe njo nilikuwa nakuitaka ndugu. Toka kwangu."

"Nimalize sambaza?"

Alijaribu, maskini. Alifikiri bado kuna mlango wa kuchekea.

"Toka."

Alisimama, akaja kunawa kwenye beseni nililoshika. Alinawa haraka, maji yakamwagika kwenye miguu yangu. "Aksanti, Nshobole," alisema, kama kila Jumapili, akaenda.

Tangu siku ile Gentil alimwambia kila aliyemuuliza: ni Jephté. Na fundi anayeitwa mwizi hana kazi, kwa sababu kazi yake ni watu kumwachia kompyuta zao na picha zao na barua zao.

Jephté alikuja secrétariat mara tatu. Mara ya kwanza Papa Célestin alikuwa amekwenda kununua wino.

"Imprimante inakataa?" aliniuliza, akitazama printa.

"Hapana."

"Na wewe?"

Nilimweleza yote, harusi, foleni, ukucha wa Mama Bibiche. Alisikiliza huku akikunakuna ubao wa meza.

"Matabishi," alisema. Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Sikia. Mie siwezi kutaja jina yako kwa Gentil. Nikitaja, ni mimi nimekutupa. Ukisema wewe, iko tofauti."

"Atanifukuza."

"Wewe njo ulimusomesha! Atapiga kelele siku mbili, ya tatu ataomba chakula."

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Leo."

Sikumwambia siku ile. Gentil alirudi nyumbani akaketi mbele ya kioo bila kuandika kitu, na mimi nilimwekea chai, nikatoka. Kesho yake vilevile. Nilikuwa najiandaa njia nzima, maneno yote yakiwa yamepangwa, na nilipofika mlangoni yalikuwa yametawanyika.

Mara ya pili Jephté alikuta foleni. Karatasi ilikuwa imekwama kwenye printa, naye akanyoosha mkono kama kawaida yake. Papa Célestin alimshika kiwiko.

"Papa Jephté, uniwie radhi. Mashine yangu usiiguse."

Alimwita papa, kwa heshima yote, mbele ya watu. Jephté alirudisha mkono mfukoni. Alinitazama tena vile vile, na mimi niliendelea kukata kadi za ubatizo kwa mkasi. Nilikata moja katikati ya jina la mtoto.

Mara ya tatu alisimama nje, hakuingia.

"Mujomba yangu ana butiki ya vyuma Butembo. Ameniita. Naenda Jumatano."

Njia ya Rutshuru haipitiki kwa sababu ya vita. Kwenda Butembo sasa ni kuzunguka kupitia Uganda, na anayekwenda hasemi atarudi lini.

"Jumanne saa kumi na mbili ya jioni nitapita kwenu kuaga Gentil," alisema. "Kama mutanifungulia mulango, nitajua umesema, na pengine sitapanda ile gari. Kama mulango inafungwa, basi."

"Nitasema."

"Najua," alisema. Na nadhani aliamini.

Jumanne niliomba ruhusa kwa Papa Célestin, nikarudi saa kumi. Gentil alikuwa anafanya kazi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alikuwa anapiga mluzi. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Sikumtazama usoni, nilitazama mgongo wake, na kwa mgongo wake nikasema kila kitu: kadi iliyoungua, nakala ya Jephté, Mama Bibiche, mstari wa kijani. Nilisema mpaka mwisho. Sijawahi kusema maneno mengi namna ile bila kusimama.

Aliacha mluzi.

"Nani mwingine anajua?"

"Jephté."

"Nje ya Jephté?"

"Hakuna."

Aligeuka. Nilingoja kelele. Ningezipenda zile kelele.

"Kaa," alisema. Niliketi kitandani. "Madame Élodie aliniita tena jana. Atachukua mupya, yenye barabara zingine, ya kutoka Sake. Ameniuliza yule aliyetoa ya kwanza iko wapi. Nimemwambia nimemufukuza, hayuko tena. Njo maana amekubali."

"Utamwambia hapana si yeye."

"Nitamwambia nini? Kama ni dada yangu? Kama imetoka ndani ya nyumba yangu, kwa mutu anayelala humu, na hata sasa analala humu? Unafikiri atanunua?"

"Lakini Jephté..."

"Alitoa kufuli. Hakuniuliza. Na yeye ana kosa."

"Si ya wizi."

"Nshobole." Aliniwekea mkono begani, kwa upole kabisa. "Umefanya vizuri kuniambia. Sasa wacha ibaki hapa."

Saa kumi na mbili Jephté alipiga hodi. Tulikuwa tumekaa vilevile, mimi na kaka yangu, chumba kikianza kuwa giza, taa hatujawasha. Alipiga mara moja, akangoja.

"Gentil? Ni mie."

Gentil aliweka kidole mdomoni. Hakunishika, hakunifunga mdomo. Kulikuwa na hatua tatu mpaka mlangoni, na komeo ni la mti, hata mtoto analiinua.

"Nshobole, uko?"

Niliona miguu yake chini ya mlango, kivuli cha viatu viwili. Vilisimama. Alipiga tena, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Nilifungua kinywa. Nakuapia nilifungua. Gentil alinitazama kwa macho ya siku ile tulipomzika baba, yeye akiwa na kaptula, akiniuliza tutaishi namna gani. Na mimi nilifunga kinywa.

Viatu viliondoka.

Nilikaa siku nne. Siku ya tano nilinunua salio la simu, nikaenda nyuma ya kanisa ambako hakuna mtu, nikampigia. Alikuwa amefika Butembo. Nyuma yake nilisikia vyuma vikigongwa.

"Nshobole! Kumbe unajuaka kupiga simu?"

"Najua."

"Nilikuja Jumanne. Mulango ilikuwa imefungwa."

"Hatukuwepo," nilisema. "Tulienda kumwona mutu."

Vyuma viligongwa, viligongwa.

"Nimemwambia," nilisema. "Jumatano. Ulikuwa umeshaondoka. Nimemwambia yote, ni mimi."

Alitoa pumzi kubwa mpaka simu ikavuma. "Nilijua. Nilikuwa namwambia mujomba, yule binti atasema, iko tu na haya. Alifanya nini?"

Ningemwambia ukweli. Ndicho nilichopigia. Lakini alikuwa ameuliza kwa furaha, kama mtu anayenyoosha mikono kupokea kitu, na ukweli ulikuwa kwamba rafiki yake wa miaka kumi alikaa gizani hatua tatu kutoka kwake na kuweka kidole mdomoni.

"Alilia," nilisema.

"Gentil? Gentil alilia?"

"Sana."

Nilisikia kwamba na yeye alikuwa analia, na anajaribu kunificha kwa kukohoa.

"Basi atanipigia," alisema.

"Atakupigia. Anaona haya kwanza."

"Muache, usimusukume. Mwambie sina neno. Mwambie nitarudi akiniita tu, hata Jumatatu, nauli nitatafuta. Na Madame akikubali, nani ataenda kwa kompyuta za Himbi zikikataa? Yeye hawezi kuongea na mashine, anazipigaka."

"Nitamwambia."

Mteremko mpya uliingia vituo vyote mwezi wa saba. Kompyuta zikikataa anakwenda kijana mwingine, na Gentil analalamika kwamba yule kijana anachelewa. Jina la Jephté halitajwi kwetu. Mtaani bado wanalitaja kidogo, wakizungumza juu ya wezi.

Kila Jumapili Jephté ananiandikia neno moja: "Bado?" Nami ninamjibu: "Bado." Nilifikiri atachoka. Jumapili iliyopita tulikuwa mezani, mimi na Gentil, na simu ikalia. Safari hii yalikuwa maneno zaidi. Aliandika kwamba numero yake haijabadilika, na kwamba usiku haizimi simu, kwa sababu pengine Gentil anaona haya mchana.

Nilisoma mara tatu.

"Nani?" Gentil aliuliza, akiwa na tonge mkononi.

"Mteja," nilisema.